Mawe ya Bi Sawasawa

Mpishi wa shule alilitua furushi la maharage juu ya meza ya Bi Sawasawa bila hata salamu, na waliokuwa wakipita kwenye safu ya nafaka wakajua kwamba leo pana jambo. Miaka tisa mpishi huyo alinunua maharage ya shule kwenye meza ile ile, na miaka tisa hajapata kufika bila kwanza kuuliza habari za mgongo wa mwenye meza. Leo macho yake yalikuwa mekundu.

"Pima," alisema.

Bi Sawasawa alidhani ni utani. Akamwambia si alishapimiwa juzi, tena kwa macho yake mwenyewe.

"Nimesema pima. Na upime kwa mizani ya jirani yako, si kwa hiyo yako."

Habari yenyewe ilitoka vipande vipande, na kila kipande kilisikika mpaka safu ya vitunguu. Mkuu wa shule alikuwa amenunua mizani mpya ya betri ya kupimia kila kinachoingia stoo. Maharage ya kilo ishirini yakawa kilo kumi na tisa kasoro. Wiki ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Mkuu hakumwaza muuzaji, alimwaza aliye karibu na mkono wake. Jana walimpekua mpishi mbele ya wanafunzi waliokuwa kwenye foleni ya uji, wakamwaga mkoba wake juu ya meza: leso ya kufutia jasho, vidonge vya presha na nusu ya mkate. Mama wa miaka hamsini na minne, anapekuliwa kama kibaka.

Muuza mchele wa meza ya pili alikubali kutoa mizani yake, na alikubali haraka kidogo kuliko ilivyopasa. Maharage yalipimwa. Yalipungua. Ndipo mtu mmoja katika umati akasema shida si mizani, shida ni mawe, kwa nini yasipimwe mawe yenyewe? Wanasema mawe, lakini ni vyuma, vile vya kuweka upande mmoja wa mizani: la kilo mbili, la kilo, la nusu na la robo. Bi Sawasawa aliyarithi kwa mama yake. Jiwe lake la kilo likawekwa sahani hii, jiwe la kilo la muuza mchele likawekwa sahani ile. Sahani ya Bi Sawasawa ikapanda juu na kubaki huko huko.

Mwanamke mmoja akacheka.

Jina la Bi Sawasawa hakupewa na wazazi, alipewa na soko. Kila alipopima, mshale ukishatulia katikati, alimwonyesha mnunuzi na kumuuliza, "Sawasawa?" na hakufunga mfuko mpaka mnunuzi aitikie. Baada ya hapo alichota konzi moja ya maharage akaongeza juu, ya baraka. Konzi ile ndiyo iliyoficha balaa wiki saba nzima. Aliyenunua kilo moja alirudishiwa kilichopungua bila yeye kujua, na bila Bi Sawasawa kujua. Lakini mpishi wa shule alinunua kilo ishirini, na konzi ni moja tu.

Kufika saa sita mchana meza yake ilikuwa na foleni ambayo hakupata kuiona hata wakati wa njaa. Kila mtu alikumbuka. Huyu alinunua kilo tatu mwezi uliopita, yule mbili kila Jumamosi, na mmoja ambaye Bi Sawasawa hakuwahi kumwona kwa macho yake alidai kilo kumi. Hakubishana na hata mmoja. Aliazima jiwe la muuza mchele akawa anawapimia fidia, na muuza mchele alisimama pembeni, jicho halibanduki kwenye jiwe lake. Gunia la maharage liliisha, akafungua la dengu. Walipochukua walichochukua, hakuna aliyemuuliza imekuwaje. Lisemwalo lipo, walisema, na wakaenda zao na mifuko yao.

*

Nyumbani, uani, mumewe alikuwa ameinamia beseni la bluu. Mtaa mzima ulimwita Injinia, na mwanzoni ilikuwa ni dhihaka. Kiwanda cha misumari kilipopunguza watu, alikaa mwaka mzima akishikilia rimoti ya televisheni iliyokufa, mpaka siku moja kwenye simu akaona namna ya kutoa kutu kwa umeme. Unatia maji kwenye beseni la plastiki, unakoroga na magadi, unaning'iniza chuma chenye kutu upande huu na kipande cha nondo chakavu upande ule, kisha unaviunganisha na chaja ya betri ya gari. Waya wa hasi kwenye chuma unachokitaka, waya wa chanya kwenye nondo unayoitoa kafara. Maji yanachemka povu bila moto, kutu inalegea, na pasi ya mkaa ya bibi yako inatoka kama ilinunuliwa jana.

Watu walikuja kucheka wakarudi na makufuli. Walileta pasi, jiliwa za mafundi seremala za kubania mbao, mashine za kusagia nyama, bawaba za milango. Injinia alinyoosha mgongo. Alianza tena kunyoa ndevu, alianza tena kuchagua shati. Mkewe alimtazama na kumshukuru Mungu, maana mwanamume asiye na kazi ndani ya nyumba ni mgonjwa asiye na dawa.

Jioni hiyo Bi Sawasawa hakuvua viatu. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamsimulia yote, na aliposimulia habari ya mkoba wa mpishi alilia, yeye ambaye foleni yote ile hakutoa chozi.

"Huu umeme wako," alisema alipomaliza, "unaweza kula chuma?"

Neno lilikuwa mdomoni mwa Injinia. Lilikuwa limekaa pale wiki saba, na lilihitaji kutemwa tu.

"Umeme unatoa kutu," alijibu. "Chuma chenyewe hakiguswi."

"Una hakika?"

"Mke wangu, hii ni sayansi."

Mtu akikosa la kusema, husema sayansi.

Ukweli ni huu, na afadhali uwekwe mezani mapema. Mkaguzi wa vipimo alipopita sokoni mwaka huu, aliyakataa mawe ya Bi Sawasawa kwa sababu ya kutu, akamwambia ayasafishe au anunue mengine kabla hajarudi kupiga muhuri. Injinia alifurahi. Hatimaye kazi yake ingemsaidia mkewe, si mkewe kumlisha yeye kila siku. Alimwambia ayaache siku tatu, akauzie mawe ya kuazima. Ila magadi yalikuwa yameisha, akatia chumvi ya jikoni. Na kibanio chekundu cha chaja kilikuwa kimevunjika siku nyingi, vyote viwili sasa vilikuwa vyeusi, alivitofautisha kwa uzi aliokuwa amefunga kwenye kimoja. Uzi ule ulikuwa umekatika. Angeweza kuvijaribu kwanza, maana upande wa hasi hutoa povu jingi zaidi, na jambo hilo alilijua. Lakini mteja alikuwa akimngoja akapime geti. Alikisia, akaunganisha, akaondoka.

Aliporudi kuangalia kesho yake mchana, nondo chakavu ilikuwa inang'aa na mawe ya mkewe yamevaa tope jeusi. Aligeuza waya mbio mbio. Siku iliyofuata aliyasugua kwa brashi ya waya, akayapaka mafuta, yakapendeza. Kingo zilikuwa zimekuwa za mviringo kidogo na tarakimu zimefifia. Aliyapima kwa kiganja. Kilo ni kilo, alijiambia, chuma kinene hivi kitapungua nini? Mizani ilikuwa sokoni. Angeweza kuyabeba yeye mwenyewe akayapimie huko, lakini kwenda kupima ni kukiri kwamba kuna cha kupimwa. Mkewe alipoyaona alipiga vigelegele, akambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakulifanya tangu kiwanda kimpunguze. Baada ya busu lile asingeweza kusema. Mimi simtetei, nasema tu ilivyokuwa.

"Nisikilize basi," Bi Sawasawa alisema, akifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nimemwambia mwenyekiti wa soko kwamba hakuna kilichoyapata mawe yale isipokuwa beseni lako. Anasema nimeyapiga tupa. Amenipa hadi Jumamosi, mkaguzi atakuwepo. Uje uonyeshe mbele yao. Chuma kikipungua, nimepona. Kisipopungua, mimi ni mwizi na meza inakwenda."

Injinia aliuliza kama ni lazima iwe mbele ya watu. Mkewe akamwambia ametukanwa mbele ya watu, basi na asafishwe mbele ya watu.

"Kinaweza kupungua kidogo," alisema Injinia, akitazama beseni.

"Sasa hivi umesema hakiguswi."

"Nitakuja. Nimekwambia nitakuja."

*

Siku nne zile Bi Sawasawa alikwenda sokoni kila asubuhi kama kawaida, kwa sababu asiyekwenda amekiri. Mwenyekiti alikuwa amemnyang'anya mawe, kwa hiyo alikaa nyuma ya meza yenye mizani isiyo na kitu. Muuza mchele alitundika kipande cha kadibodi kilichoandikwa VIPIMO HALALI, akakitundika upande unaoelekea meza ya jirani yake. Wateja wa siku zote walipita wakiangalia simu. Mmoja alisimama, akamsalimia vizuri sana, akamuuliza habari za mgongo, halafu akanunua maharage kwa mwingine hatua tatu mbele.

Injinia naye alikuwa na siku nne zake. Kila asubuhi mkewe alipofunga mlango alijizoeza maneno, akiliambia beseni: mimi ndiye niliyekosea, niligeuza waya, nikatia chumvi, mke wangu hajui lolote. Yalikuwa maneno mepesi uani. Mpango wake ulikuwa kuunganisha waya kinyume mbele yao, chuma kiliwe, kisha aeleze. Alinunua kibanio kipya chekundu. Alifunga beseni na chaja kwenye baiskeli, akanyoa, akavaa shati la mistari.

Ila Alhamisi mwenye duka la vyuma alikuwa amepita. Huyo alikuwa na stoo nzima ya bidhaa zilizolowa paa lilipovuja: bawaba, komeo, makufuli, mikasi ya bustani, zote nyekundu kwa kutu. Alisikia Jumamosi kutakuwa na maonyesho sokoni. Akasema atakuja kutazama, na kama ni kweli kinachosemwa, kazi yote ni ya Injinia, na itamshika si chini ya miezi sita. Injinia hakumwambia mkewe habari hiyo. Alilala nayo peke yake.

*

Jumamosi ofisi ya mwenyekiti haikutosha, wakahamia barazani. Mkaguzi alikuja na mizani yake ya umeme ndani ya sanduku lenye sponji. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Mpishi wa shule alikuwepo, kwa sababu mkuu wake alitaka barua. Wenye meza walikuwepo wote, na mwenye duka la vyuma alisimama mbele, mikono kifuani.

"Kumbe Injinia," alisema mwenyekiti alipoona beseni likishushwa, "chuo chako chote kinaingia kwenye beseni la kufulia?"

Watu walicheka. Injinia alicheka nao, lakini masikio yake yalipata moto. Walitoa kwenye rundo la mawe yaliyotaifishwa kwa wauzaji wengine moja la kilo, limeoza kwa kutu. Mkaguzi akalipima na kusoma kwa sauti: gramu mia tisa tisini na moja. Akaandika. Jiwe la Bi Sawasawa lilikuwa limeshapimwa na kuandikwa juu yake: mia tisa thelathini na nane.

Injinia alitia maji, akakoroga magadi, safari hii magadi halisi. Akaitundika nondo. Akashika vibanio viwili, chekundu mkono huu na cheusi mkono ule, na mikono yote miwili ikasimama hewani. Mwenyekiti alimuuliza kwa kejeli kama amesahau masomo, kipi kinakwenda wapi?

Ilikuwa dakika ya kusema. Mbele yake walikuwa watu waliomwita Injinia kwa kumcheka, na leo walikuwa wamenyamaza wakingoja wafundishwe. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwalimu.

"Hasi kwenye kitu chenye kutu. Chanya kwenye chuma cha kutupa. Hili si jambo la kukisia. Ukigeuza, umekula mali ya mtu."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Mwenye duka la vyuma alitikisa zaidi. Na Bi Sawasawa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la washitakiwa peke yake, alimtazama mumewe.

"Na yangu?" aliuliza, si kwa sauti kubwa. "Yangu uliyaunganisha hivyo hivyo?"

Baraza zima lilisikia. Injinia hakumtazama. Alikibana kibanio cheusi kwenye jiwe.

"Hivyo hivyo," alisema.

Akawasha. Povu likaanza kupanda, dogo dogo, jeupe, kisha la rangi ya chai. Watu walikuja karibu kutazama. Wengine walikwenda kuuza na kurudi. Bi Sawasawa hakutoka kwenye benchi. Mtu alimletea maji akayaweka chini bila kuyanywa. Uchungu aliokuwa nao haukuwa ule wa meza. Wa meza alikuwa ameuzoea siku nne. Huu ulikuwa mpya na alikuwa bado hajui aushike wapi.

Saa tisa alasiri Injinia alizima, akalitoa jiwe, akalisugua mara chache tu, na kutu ikaanguka kama maganda. Baraza likasema aah. Tarakimu ya moja ilisomeka wazi, hata jina la kiwanda lililofichwa na kutu miaka nenda rudi lilionekana. Jiwe likapita mkono kwa mkono. Mwenye duka la vyuma aliligeuza, akalikwaruza kwa ukucha, akamwambia Injinia kwa sauti ya chini aje Jumatatu na mkokoteni. Kisha mkaguzi akaliweka kwenye mizani yake.

"Mia tisa themanini na saba."

"Gramu nne," alisema mwenyekiti. Aligeuka kumtazama Bi Sawasawa, na kwa haki yake, hakufurahi. "Mama, mume wako mwenyewe ametuonyesha. Umeme unapunguza gramu nne. Jiwe lako lina upungufu wa sitini na mbili."

"Ngojeni," alisema Injinia.

Walimngoja. Mkono wake ulikuwa bado unachuruzika maji.

"Yale ya mke wangu niligeuza waya. Nilikosea mimi. Uzi ulikatika, nikakisia. Na nilitia chumvi. Yeye hajui lolote, nilimficha."

Maneno yote yalitoka, kwa mpangilio ule ule aliojizoeza, na hayakumfikia mtu. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba asubuhi aliulizwa na mkewe mwenyewe, mbele ya watu hawa, akajibu hivyo hivyo. Sasa matokeo yametoka ndipo anabadilisha maneno? Injinia alisema aliogopa. Sauti ya mwalimu ilikuwa imemwisha. Aliomba waya zigeuzwe sasa hivi, beseni likae mpaka kesho, waone wenyewe chuma kinavyoliwa. Alimshika mkaguzi mkono wa shati, akamwachia alama ya maji ya kutu.

"Mzee wangu, nakuelewa," alisema mkaguzi kwa upole, akijifuta. "Mimi pia nina mke. Lakini hata ukinionyesha kwamba jiwe linaweza kupungua hivyo, hujanionyesha kwamba ndivyo lilivyopungua. Ningekuuliza wewe. Na wewe tumeshakuuliza."

Bi Sawasawa alimtafuta kwa macho mpishi wa shule, na mpishi akaja akakaa kando yake, akamshika goti.

"Mimi nakujua, dada," alimnong'oneza. "Miaka tisa nakujua. Lakini mkuu anataka jina la mwizi kwenye barua. Nikisema si wewe, nabaki mimi."

Hukumu ilikuwa fupi. Mawe yametaifishwa, leseni imefutwa, meza inarudi kwa soko. Aondoe magunia yake kabla ya Jumatatu.

*

Walirudi kwa miguu, Injinia akisukuma baiskeli iliyofungwa beseni, mkewe upande wa pili wa baiskeli. Walipita mitaa miwili.

"Ulijua lini?" mkewe aliuliza.

"Siku ile ile."

"Kabla sijaanza kuyatumia."

"Kabla."

Alitembea kidogo. "Ungeniambia jioni ile ningeyatupa. Ningeazima ya watu mwaka mzima. Nisingekuuliza hata kwa nini."

Injinia alianza kusema habari ya vigelegele, na busu, na jinsi alivyoogopa, lakini hata yeye alijisikia jinsi yalivyokuwa maneno madogo, akayaacha njiani. Kikulacho ki nguoni mwako, wanawake wa soko walizoea kuimbiana wakicheka, na Bi Sawasawa alikuwa mmoja wa waliocheka sana. Sasa hakuwa na haja ya kuusema msemo ule. Walipofika alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kunawa, akaingia ndani.

Haikuwa siri kwa mtu yeyote kwamba Jumamosi ile ilimjenga Injinia. Nusu ya soko iliona jiwe lile likitoka jipya. Mwenye duka la vyuma alileta mzigo wa kwanza na wa pili, na watu wa mitaa ya mbali walianza kuulizia nyumba ya yule fundi wa beseni. Mabeseni yakawa matatu, kisha manne. Hela ya kula ilikuwepo, na kodi ililipwa kwa wakati. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia Bi Sawasawa kwamba Mungu hakupi vyote, huku amefunga lakini huku amefungua. Alimwitikia vizuri.

Kwa kuwa hakuwa tena na pa kwenda asubuhi, yeye ndiye aliyepokea vitu mlangoni. Alivifunga vipande vya kitambaa vyenye alama ili visichanganyike, na hakuna kilichowahi kupotea. Na mumewe alipowasha beseni lolote, alitoka jikoni, akasimama, akatazama kibanio chekundu kimekwenda wapi, kisha akarudi jikoni. Injinia alianza kuzoea kuziba kazi kwa mgongo wake, na mkewe alianza kuzoea kuzunguka upande wa pili.

Mwezi wa tatu baada ya hukumu alikuja muuza mchele. Meza ya Bi Sawasawa alipewa yeye, alikuwa ameunganisha zote mbili. Alisimama mlangoni na mfuko mzito mkononi, akikohoa bila kikohozi. Alimwita shemeji, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Mkaguzi anakaribia kuja, alisema, na mawe yake yameanza kushika kutu, unajua tena mvua hizi. Angeomba Injinia amsafishie.

Bi Sawasawa aliupokea mfuko, akautua kizingitini. Aliyatoa moja moja: la kilo mbili, la kilo, la nusu, la robo.

"Umeyapima?"

"Ya nini, shemeji? Si mawe ya mizani?"

"Yarudishe ukayapime. Upimie mbele ya watu, uandikiwe. Ndipo uyalete."

Injinia alitoka uani akijifuta mikono, uso umejaa ukarimu wa mtu mwenye kazi nyingi. Alimwambia mgeni asisumbuke kurudi mbali kote huko na mzigo.

"Mwache ayaache, mke wangu. Nitayapima mimi mwenyewe hapa hapa kabla sijayatia majini."

Bi Sawasawa alikuwa ameshaanza kuyarudisha mawe mfukoni.

"Kwa mizani gani?" alimuuliza.

Injinia alitazama uani, penye mabeseni manne na bila mizani hata moja. Mgeni alitazama huyu akatazama yule, akauchukua mfuko wake, akaaga. Nyuma yake alikuwa amefika mama mmoja na pasi ya mkaa isiyofunguka, na Bi Sawasawa akamkaribisha, akamuuliza anaitaka lini.